Kashata za Kakao, Mwaka wa Msako

Tulipomaliza kumzika Mama Fausta huko Nakwa, nje ya mji wetu wa Babati, sisi wanawake tulirudi uani kuosha masufuria, na hapo nikamsikia Fausta akiwasimulia wenzake habari za mwaka mmoja wa utoto wake. Sasa ni mama wa watoto wakubwa, mnene, mwenye sauti ya kujaza ua. "Mama yangu alikuwa fundi wa kashata za kakao," alisema. "Watu hawana hata sukari ya chai, mimi nimekaa kwenye mkeka nakula kashata! Sijawahi kupata tena mwaka mtamu kama ule." Wakacheka, wakajifuta machozi, wakacheka tena, kama ilivyo kwa watu waliolia tangu asubuhi. Kisha akanigeukia. "Dada Vero, si ulikuwepo? Waambie." Nilikuwa nimeinama kwenye karai, mikono imejaa majivu na povu. Nikasema, "Nilikuwepo." Sikuongeza neno, kwa sababu ninachokumbuka mimi kuhusu mwaka huo si utamu. Nakumbuka kwamba tuliogopa. Tuliogopa kwa jinsi ambayo hata leo gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, naacha ninachofanya nasikiliza mpaka lipite. Fausta alikuwa na miaka saba, nami kumi na sita. Tulikula katika sinia moja, tukatoka na miaka miwili tofauti. Nimeona niuandike wangu, kwa sababu aliyeuogopa kuliko sisi sote sasa yuko chini ya udongo na hataweza kuusema.

Niliishi kwa Mama Fausta nikimsaidia kazi za nyumbani huku nikijifunza kushona kwa fundi mmoja aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la nyumba yake, upande wa pili wa njia. Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha mbele, ambamo Bibi, mama mkwe wake Mama Fausta, alilala nyuma ya pazia. Chumba cha ndani. Na stoo isiyo na dirisha, yenye sakafu ya udongo iliyokuwa baridi hata jua likiwa utosini. Jiko lilikuwa nje, la miti na udongo, limeezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Kuta zake zilikuwa na nyufa za kupitisha vidole, kwa hiyo kila tulichopika kilijulikana njia nzima. Siku za kawaida hilo halikuwa tatizo, maana kila nyumba ilipika kile kile: ugali wa dona, mlenda, maharage yalipopatikana. Tulifua kwa majani ya mpapai. Chai tulikunywa na chumvi kidogo, au tuliiacha. Sukari ilikuja kwenye duka la ushirika kwa siku isiyojulikana, na habari zikishafika watu walikwenda kupanga mawe na vikapu kwenye foleni kabla hata ya kuvaa viatu.

Katika foleni ile ndipo nilipojifunza kuogopa, kwa kusikiliza watu waliokuwa mbele yangu. Ulikuwa mwaka wa msako. Redio ilitaja walanguzi na wahujumu uchumi kila jioni, na sisi tulidhani wahujumu ni matajiri wa mijini wenye maghala, mpaka Land Rover ya msako ilipokuja asubuhi moja kwa fundi wangu. Nilikuwa naelekea kazini, kipimio cha kamba shingoni. Niliona wakitoa majora mawili ya kitambaa na katoni ya sabuni, kisha wakamtoa yeye mwenyewe akiwa bado na sindano kifuani, imechomekwa kwenye shati. Mke wake alimkimbilia na sweta. Hawakumruhusu kuivaa, waliiweka juu ya zile sabuni. Wiki iliyofuata, kwenye foleni, mama mmoja nyuma yangu aliuliza, "Ni sabuni ya kunawa au ya kufulia?" Mwingine akamjibu, "Unataka kujua ili iweje? Uende naye?" Watu wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akageukia mgongo wa mwenzake. Fundi hakurudi mwaka ule.

Sisi nasi tulikuwa na kitu ndani. Fausta alikuwa ameugua surua, na ilipomwacha, ilimwacha bila hamu ya chakula. Uji aliutema, ugali aliugeuza mdomoni mpaka tukachoka kumtazama. Miguu yake ilikuwa imebaki kama mipini ya majembe. Baba yake alikuwa dereva wa lori la kampuni moja ya kusafirisha nafaka, na njia yake ilikuwa Arusha. Siku moja alirudi na katoni ameifunika kwa koti. Ndani yake mlikuwa na pakiti za konfleksi kutoka Kenya, kopo la kakao, na kopo la mafuta magumu ya kupikia. Mpaka ulikuwa umefungwa. Sikumuuliza alivipataje, wala mkewe hakumuuliza mbele yangu. Nilimsikia tu akisema nyuma ya pazia la chumba chao, "Mtoto atakula?" Naye Mama Fausta akajibu, "Atakula. Lakini wewe, Baba Fausta, watakufunga." Baba Fausta akasema, "Kwa ajili ya vibanzi vya mahindi?" Nami nilijua, na nadhani yeye pia alijua, kwamba kwa ajili ya vibanzi vya mahindi mtu angeweza kabisa kuchukuliwa.

Konfleksi kavu Fausta hakuzitaka, na maziwa hayakuwa ya uhakika. Ndipo Mama Fausta alipokumbuka kitu alichojifunza usichanani, alipokuwa akifanya kazi katika jiko la masista kule milimani Mbulu. Nitaeleza alivyofanya, maana nilimtazama mara nyingi na baadaye nimekifanya mwenyewe kwa watoto wangu. Aliitwanga sukari ya mgawo tuliyoiweka akiba kwenye kinu kwanza, kwa sababu sukari yetu ilikuwa na punje kubwa na isipotwangwa hubaki ikilia kwenye meno. Aliichunga kakao kwa kitambaa chepesi. Aliweka mafuta kwenye sufuria ndogo, na sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto, ili mafuta yayeyuke bila kuungua. Mafuta yakishayeyuka alimimina kakao na sukari akakoroga mpaka vikawa kitu kimoja kizito, cheusi, chenye kung'aa. Hapo aliepua. Konfleksi zilikuja mwisho, nje ya moto, na alizigeuza kwa mwiko polepole, kutoka chini kuja juu, zisivunjike. Kisha kijiko kwa kijiko aliviweka vibonge juu ya jani la mgomba lililofutwa na kutandikwa kwenye sinia, na mimi nikabeba sinia mpaka stoo, nikaliweka kwenye sakafu ya udongo. Hakuna kuoka, hakuna kukaanga. Baridi ya sakafu ilimaliza kazi. Jioni vibonge viligeuka kashata, ngumu nje, zinazovunjika kwa mlio mdogo.

Bibi alipoziona mara ya kwanza alizisogelea, akainua moja karibu na jicho lake zuri. "Hii mnapa mtoto? Hii punda amepita hapa." Fausta akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu surua. Alikula mbili. Mama yake alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko, na niliporudi na sinia tupu nilimkuta amejifunika uso kwa khanga.

Tatizo la kakao ni harufu. Inapokutana na mafuta ya moto haifichiki, na haifanani na kitu chochote kinachopikwa Babati. Kwa hiyo kila tulipotengeneza, Bibi alikaa mlangoni mwa jiko akichoma mabunzi ya mahindi kwenye makaa, moshi ukitujia machoni wote. Mama Fausta alikoroga kwa mkono mmoja na kwa mwingine alishika kitasa cha mlango wa bati, kana kwamba angeuzuia. Mtu akipita njiani tulinyamaza. Nilijifunza kutambua nyayo: za mwalimu, za wachunga mbuzi, za mabuti ya mgambo. Pakiti tulizichoma moto siku ile ile, zile za rangi zikitoa moto wa kijani, na konfleksi zenyewe tulizimwaga ndani ya gunia la pumba za kuku lililokaa jikoni, chini kabisa, tukazifunika kwa pumba nyingine. Lilikuwa wazo langu na Mama Fausta alilisifu. Nani atapekua pumba?

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Baba Deo. Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo baada ya kulifikiria kwa muda mrefu. Lakini mwaka ule yeye ndiye aliyetembea mbele ya mgambo kuwaonyesha milango. Mke wake, Mama Deo, alikuwa mwema kwa namna ya watu wa milimani, namna isiyouliza. Alisikia mtoto bado ni mdhaifu, akaleta sahani ya makande yenye karanga, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Fausta hakula, tulikula sisi. Siku mbili tatu sahani ile ilikaa mezani imeoshwa, kwa sababu hatukuwa na cha kuweka ndani yake. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka yai, viazi, hata limau moja. Lakini kurudisha sahani tupu ni sawa na kumwambia mtu asikuletee tena. Kuku walikuwa wameacha kutaga. Mama Fausta alisema tungoje siku ya foleni, labda tungepata chochote cha kumgawia.

Siku ya foleni tulikwenda sote wawili, mimi na yeye, na tulirudi mchana bila sukari. Tulipoingia tu niliona meza. Sahani haikuwepo.

"Bibi," Mama Fausta aliuliza, "sahani ya Mama Deo iko wapi?"

"Nimepeleka." Bibi alikuwa kwenye mkeka akisuka kamba, fimbo yake kando. "Sahani inakaa hapa kama mgeni. Mimi nasikia aibu."

"Umeipeleka hivyo hivyo?"

Bibi alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Mimi nirudishe sahani tupu? Mimi? Nimeweka ile nyeusi. Nne. Nimefunika vizuri na kitambaa chake."

Mama Fausta alikaa chini pale pale mlangoni, kikapu kikiwa bado begani. Hakumfokea mama mkwe wake. Angemwambia nini? Bibi alikuwa ameishi miaka yake yote akijua mambo machache kwa uhakika, na hilo la sahani lilikuwa mojawapo. Hilo la msako lilikuwa neno la redio, tena kwa Kiswahili cha haraka. Alikuwa amechagua kati ya aibu anayoijua na hatari asiyoijua. Mama Fausta aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Nani alipokea?" Bibi akajibu, "Baba Deo mwenyewe. Kijana mwenye adabu. Ameniamkia vizuri."

Kuanzia mchana ule hatukula sawasawa. Tulisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka chuma kikang'aa, kisha Mama Fausta akaogopa kwamba sufuria inayong'aa kuliko nyingine itatiliwa shaka, tukaipaka masizi upya. Kopo la kakao nililifukia shambani kwetu Singe, kwenye mstari wa mbaazi. Mama Fausta aliona konfleksi nazo zitupwe katika ziwa la Babati, lakini alipoinua gunia Fausta aliuliza, "Mama, unazipeleka wapi?" naye mama yake akalirudisha. Tulingoja Land Rover. Nilikuwa nikichota maji nageuka kila mara kutazama njia, maji yananimwagikia. Tatizo la kungoja ni kwamba huna la kufanya. Mtu aliyeshikwa anajua ameshikwa. Sisi tulipika, tulifagia, tulimwamkia Baba Deo akipita, naye aliitikia "Marahaba" kwa uso ule ule wa siku zote, na hilo lilitutisha zaidi.

Siku moja, bombani, Mama Deo aliweka ndoo yake nyuma ya yetu. Akaamkiana na Mama Fausta, akauliza hali ya mtoto, kisha akainamisha kichwa. "Kile kitu alichotuletea Bibi, mume wangu amekula chote. Hata Deo hakuonja. Ananiuliza ni nini, nami sijui."

"Ni dawa," Mama Fausta alisema.

"Dawa?"

"Ya kumrudishia mtoto nguvu. Ya masista."

Mama Deo alisogeza ndoo yake mbele. "Mimi dawa zote nilizokunywa ni chungu," alisema, na akacheka. Mama Fausta naye akacheka. Nilimwona akicheka huku mkono wake ukikosa mpini wa ndoo mara mbili.

Baba Deo alikuja Jumapili, baada ya misa, amevaa kaunda suti. Nyuma yake alikuwa mgambo mwenye rungu. Nilisikia mabuti kabla hawajabisha hodi. Mama Fausta alimwambia Fausta aingie ndani, akajifunga khanga ya pili, akafungua. "Shikamoo, Baba Deo. Karibuni." Mgambo alibaki nje akichokonoa meno. Baba Deo alikaa, akasifu hali ya hewa, akauliza habari za Baba Fausta safarini, akakubali kikombe cha uji. Alikunywa chote. Kisha akasema, "Mama Fausta, ile dawa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo.

"Wiki hii tuna wageni kutoka mkoani," aliendelea. "Wanakagua mambo ya msako, na baada ya hapo tunawapa chakula shuleni. Sasa tuwape nini? Ugali na maharage wanao kwao. Nataka uwatengenezee kile kitu. Nitasema ni ubunifu wa akina mama wa hapa, lishe ya mtoto, vitu vya nyumbani tu." Akaegemea. "Si ni vitu vya nyumbani tu?"

"Ni vya nyumbani," Mama Fausta alisema.

"Basi. Sinia moja. Sukari nitakuletea."

Alipoondoka, Mama Fausta alibaki akitazama kikombe. "Anajua," nilimwambia. "Kama anajua, ananiokoa," alisema. "Kama hajui, ananimaliza. Na siwezi kumuuliza." Maana wageni wale walikuwa watu wa Arusha, watu wa mpakani, waliokuwa wakishika konfleksi kwenye malori kila siku. Wangeuma mara moja wakajua. Na kukataa kutengeneza kulikuwa kukiri.

Kwa hiyo tulitafuta kitu cha nyumbani kweli. Kakao ilikuwa halali. Inalimwa Kyela, na kopo nililolifukua Singe halikuwa na haja ya kuonekana. Mafuta ya kopo tuliyaacha, tukanunua samli kwa mama mmoja wa Kimang'ati aliyepita na vibuyu vyake. Badala ya konfleksi tukakaanga bisi, tukatoa zisizopasuka, tukazivunjavunja kwa mikono. Sinia la kwanza halikuganda. Samli ni laini kuliko yale mafuta. Nimesoma baadaye kwa nini mafuta mengine huganda kwenye joto ambalo mengine bado ni mchuzi, lakini siku ile tulijua tu kwamba tumebaki na matope matamu na sukari ya balozi imepungua. Mama Fausta alianza sinia la pili. Alipunguza samli, akaongeza sukari na unga wa karanga kidogo wa kushika. Tulishinda stoo, tumekaa kwenye udongo kando ya sinia, tukigusa kashata ya pembeni kwa ncha ya kidole. Ilikuwa Julai, na kipupwe kilitusaidia. Ziliganda.

Shuleni nilibeba sinia mimi. Mgeni mkubwa alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani. Alikula moja, akala ya pili, akauliza kuna nini ndani, na Mama Fausta alimtajia kimoja kimoja: mahindi, karanga, samli, kakao ya Kyela, sukari ya mgawo. Watu wakapiga makofi. Nilidhani yamekwisha. Lakini mgeni akasimama akasema, "Mama huyu ana jiko la namna gani? Nataka nilione. Wenzake wa vijiji vingine waje wajifunze." Baba Deo akatabasamu kwa fahari. Tukaongozana njiani, wao mbele, sisi nyuma, na Mama Fausta akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu iliyoacha alama.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wakati ule hatukulijua. Ukichanganya vitu vikubwa vyepesi na vidogo, kisha ukavitikisa, vikubwa hupanda juu vyenyewe. Gunia letu la pumba tulikuwa tukiliburuta kila siku kuwapa kuku, kutoka kona moja kwenda nyingine. Kila tulipoliburuta, konfleksi zilizokuwa chini zilipanda kidogo. Hatukuwa tumelifungua vizuri tangu sahani ilipoondoka. Kuku tuliwachotea kupitia kona ya chini iliyotoboka. Mgeni aliinama kuingia jikoni, akatazama mafiga, akatazama kinu, akauliza habari za moshi. Kisha akaegemeza mkono kwenye gunia, mdomo wake uliokunjwa tu ukafunuka, akatazama mkono wake. Palikuwa na duara la rangi ya dhahabu juu ya pumba, kama mtu amelipamba.

Baba Deo alikuwa bado nje, mlango ni mdogo. Mgeni alichukua kipande kimoja, akakivunja kati ya vidole, tukasikia mlio wake. Akatia nusu mdomoni.

"Pumba za huku ni nzuri," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mume wako anafanya kazi gani, mama?"

"Dereva."

"Njia ipi?"

"Arusha."

"Anarudi lini?"

Uongo ungejulikana, ratiba za malori zilikuwa mikononi mwao. "Kesho, Mungu akipenda."

"Msalimie," mgeni alisema, akafuta vidole kwa leso, akatoka.

Nimeliwaza neno lile miaka mingi. Mtu anaweza kulitamka kwa huruma na mtu anaweza kulitamka kwa kisasi, na herufi ni zile zile. Mama Fausta hakulitafsiri. Asubuhi alichukua kamba na panga, akaniambia, "Tunakwenda kuni," na tukatoka mjini kwa barabara ya Arusha. Kwenye kizuizi mgambo walituuliza tunaenda wapi, wakatupisha. Walikuwa wengi kuliko kawaida. Tulitembea mpaka kizuizi kikafichwa na kona, tukaanza kukata matawi kando ya barabara, na kila gari lilipotoka kwenye vumbi tuliinuka.

Lori la Baba Fausta lilipokuja, Mama Fausta alisimama katikati ya barabara. Mumewe alifunga breki, akaruka chini, uso umemwiva. "Mtoto amekufa?" hilo ndilo alilouliza. "Mtoto mzima. Umebeba nini?" Mama Fausta alipanda mwenyewe, akainua kiti, akatoa katoni.

"Mama Fausta, hiyo nimeipata kwa taabu. Nimeiuzia saa yangu."

"Nipe panga, Vero."

"Atakula nini? Niambie, mtoto atakula nini?"

"Atakula ugali," alisema, "na atakuwa na baba."

Alizipasua pakiti na kumwaga konfleksi korongoni. Zilishuka taratibu, nyepesi, zikatua juu ya mawe, na mbuzi waliokuwa mbali wakainua vichwa. Kopo lililokuwemo alilifukia kwa mguu kwenye mchanga. Baba Fausta alisimama akiangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akapanda lori akaenda, na sisi tukajitwisha kuni.

Tulipofika kizuizini lori lilikuwa bado pale. Baba Fausta alikuwa amesimamishwa pembeni, mikono juu ya boneti. Mgambo hawakupanda nyuma kwenye magunia, wala hawakufungua sanduku la spana. Walikwenda moja kwa moja kwenye kiti, wakakiinua. Mmoja aliingiza mkono mpaka begani. Akautoa. Akauingiza tena. Sisi tulipita na kuni zetu kichwani, macho mbele, kwa sababu mwanamke anayekwenda na kuni hasimami kutazama mume wa mtu akipekuliwa. Nilisikia nyuma yangu kiti kikitupwa chini, na baada ya muda mrefu injini ikiwaka.

Alifika nyumbani jua la machweo likimulika mlima Kwaraa. Fausta alimkimbilia kwa ile miguu yake, akamshika suruali. "Baba, umeniletea nini?"

"Leo nimejileta mwenyewe."

Fausta alichungulia nyuma yake, akachungulia koti lake, akaona kweli hakuna kitu. Akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto mwenye afya, akajitupa chini, akapiga ardhi kwa visigino. Bibi alimwita, mimi nilimbembeleza. Mama Fausta hakumnyamazisha. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, bado vumbi la barabara limemjaa usoni, akasonga ugali katika sufuria iliyopakwa masizi na kumsikiliza, na kila mtoto alipovuta pumzi na kuanza upya, yeye aliitikia kwa kichwa kidogo, taratibu, kama mtu anayesomewa habari alizozingoja.